Mguu Wangu Umezikwa Mlalo

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Habari za huko Makete? Kifua chako kimetulia? Dada aliniambia baridi ya mwaka huu imekaza kuliko kawaida. Huku Mlalo nako ukungu unaingia mpaka jikoni. Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Leo nimeshindwa kuiandika sentensi hiyo. Kwenye simu kila nikitaka kukueleza sauti inakatika, yako au yangu, kwa hiyo nimeona niandike, mdogo wangu Tumaini akusomee taratibu. Tumaini, ukifika mahali pagumu usiruke.

Mama, mguu wangu wa kushoto umekatwa, chini ya goti. Nimelisema kwanza ili usisikilize yaliyobaki ukiwa na hofu ya mwisho wake.

Unajua sukari ilinipata nikiwa na mimba ya Furaha, na nilipojifungua haikuondoka. Vidonge nilikuwa nakunywa, ila nyayo zilianza kufa ganzi. Siku moja nilifika shambani kandambili moja imebaki njiani, wala sikujua, mpaka Baba Elia akaniuliza, "Mama Elia, kiatu kingine umemwachia nani?" Tukacheka sana.

Sasa jioni moja ya baridi tulikuwa jikoni mimi na mama mkwe, tunasubiri makande yaive. Nilikuwa nimenyoosha miguu kuelekea mafiga nipate joto. Nikasikia harufu.

"Mama, kuna kitu kinaungua," nikamwambia. "Tazama, labda ni kitambaa."

Akainama kutazama, akapiga yowe, akanivuta mabega. Kilichokuwa kinaungua ni mimi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimelalia kaa la moto, na sikuwa nimehisi chochote.

Kwa kuwa kidonda hakikuuma, sikukiheshimu. Mama mkwe alikipaka asali, nikakifunga, nikavaa buti za mpira nikaenda kupalilia karoti. Juu kikaanza kufunga, tukashukuru. Kumbe chini kilikuwa kinachimba. Jumapili moja kanisani mama aliyeketi kando yangu akajisogeza kidogo, kisha akahama benchi kabisa. Nikajua ni harufu yangu. Wimbo uliofuata niliuimba nimebana miguu chini ya benchi, natamani ibada iishe.

Wiki hiyo homa ikanipiga. Mguu ukavimba mpaka ugokoni, ngozi nyekundu inang'aa, na karibu na kidole imekuwa nyeusi. Baba Elia akanipeleka hospitali Lushoto, nimemwegemea njia nzima.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, mpole. Aliingiza kijiti cha chuma kwenye kidonda, nikakisikia kinagonga kitu kigumu. Nilisikia kwa masikio, Mama, si kwa mguu.

"Mbona hainiumi, daktari?"

"Mama, hicho ndicho kinachonitisha. Ingekuuma ungekuja mapema. Hapa nimegusa mfupa. Bakteria wameshafika huko."

Wakachukua usaha kwenda kupima, wakaniwekea dawa za mshipani. Dawa ya kwanza wadudu wale hawakuijali, ikabidi ibadilishwe. Wakakata kidole gumba, kisha kinachofuata. Kila asubuhi muuguzi alipofungua bandeji sikutazama mguu, nilimtazama yeye usoni, na uso wake ndio ulionipa majibu. Mwisho daktari akaja akakaa kitandani kwangu, akasema usaha unapanda, na ukiingia kwenye damu hawataweza kunirudisha. Mguu ukatwe.

Nikakataa. Mama, wewe hujafika huku. Mashamba yetu yameinama kama paa la nyumba. Kuteka maji ni kushuka, kwenda kanisani ni kupanda. Mtu wa mguu mmoja ataishi vipi? Shemeji zangu nao wakaniunga mkono. Walitaka nitolewe, nipelekwe kwa mganga mmoja kule tambarare, Mnazi. Baba Elia alikuwa anazungusha kofia mikononi.

Mama mkwe alikuta mazungumzo hayo. Alikuwa ametoka Mlalo na gari la asubuhi, amebeba chakula kwenye kikapu. Alisikiliza amesimama.

"Mmemaliza?" akawauliza wanawe. "Baba yenu alikuwa na kidonda kama hiki. Alisema yeye hakatwi, na mimi nikamheshimu. Nikamzika na miguu yake yote miwili. Imenisaidia nini?"

Mama, miaka yote niliyokaa kwake hakuwahi kunieleza mume wake alikufa na nini. Nikaomba kalamu, nikasaini.

Baada ya upasuaji muuguzi aliuliza kama familia itauchukua mguu au uzikwe na hospitali. Mama mkwe akaniinamia. "Mwanangu, tuuzike wapi?"

"Popote tu."

Akakasirika. "Si popote. Wewe una kwenu."

Wakaupeleka nyumbani, wakauzika kando ya kaburi la baba mkwe, mwinjilisti akaomba kwa ufupi. Mimi nilikuwa bado wodini. Mama, siku zote niliwaza nikifa nitaletwa Makete, nilale karibu na Baba. Sasa sehemu yangu imetangulia kulala huku, kwa watu ambao lugha yao bado naikosea.

Natembea kwa magongo ndani na uani tu. Shamba limebaki kwa Baba Elia, mimi nachambua maharage. Amenichimbia ngazi za udongo kutoka mlangoni mpaka chooni. Mvua inazibomoa, anachimba tena. Na jambo la ajabu, ule mguu ambao ulipokuwepo haukuuma, sasa haupo ndipo unaniuma. Nauma shuka watoto wasisikie.

Mama, na wewe una sukari. Najua utasema miguu yako ni mizima. Mimi pia nilisema hivyo. Usiote moto kwa miguu, hata baridi ikizidi. Tumaini akutazame nyayo kila jioni, katikati ya vidole na kwenye kisigino, hata ukimfukuza. Mimi ananitazama mama mkwe, kwa taa ya simu, huku ananung'unika kwa Kishambaa. Jana alikaa kimya. Ameona wekundu kwenye kisigino cha mguu uliobaki. Kesho tunarudi Lushoto.

Mpe salamu dada mkubwa, na mjomba aliyenisindikiza stendi nilipokuja huku kuchuma chai. Mwambie mwalimu wangu wa kwaya bado naimba, ila nimekaa. Elia na Furaha wanakuamkia, na mama mkwe anakusalimu sana, anasema mnalea mtoto mmoja.

Nilikuwa nimeandika usije, safari ni ndefu na wewe huna nguvu. Mstari huo nimeukata, utauona. Ukiweza, Mama, njoo.

Ni mimi binti yako,
Twilumba