Ugonjwa wa Farasi Wako

Nyumba ya mwisho baada ya kinu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo, na hilo "kidogo" ulisome vizuri maana nimeliweka makusudi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kimeacha kukubana kwa hiyo baridi ya huko. Unakula? Unalala? Yale mabuti ya kazini yaliyokuwa yanakuchubua visigino umeyabadilisha? Nakuuliza polepole, moja moja, kwa sababu mtu akimwandikia ndugu yake huanza na mwili wa ndugu yake. Wapo wanaoanza na mwili wa mnyama, lakini leo sitaki kumtaja mtu.

Shemeji yako hajambo. Bado yuko juu ya paa la banda anabadilisha mabati, na mvua nayo inamsubiri amalize tundu moja ndipo ipitie jingine. Shangazi hajambo, ila masikio yamezidi kuwa mazito. Tunamsalimia asubuhi, anaitika mchana.

Punda wangu Karani bado anakagua kila kinachoingia uani. Juzi alipitia nguo kwenye kamba, akaona shati jeupe la shemeji yako halifai, akala kola. Bata bukini wamejitwalia njia ya chooni, siku hizi hapiti mtu bila ufagio mkononi. Paka naye amezalia juu ya tandiko lako, watoto watano, na sijamhamisha kwa sababu angalau yeye amelipata tandiko hilo bila kupendelewa na mtu.

Najua macho yako yameruka mistari hii yote yanamtafuta farasi wako, Pazia. Tulia. Soma kama mtu aliyelelewa.

Haya, Pazia. Yale manyoya ya utosini yaliyompa jina lake yalikuwa yamemfunika macho kabisa, anatembea kama bi harusi, nikayapunguza kwa mkasi wa jikoni. Anakula. Ananenepa. Na sasa vuta kiti ukae.

Pazia haumwi. Hajaumwa. Mguu wake wa nyuma haukuvimba Januari, haukuvimba Februari, na leo asubuhi tu amepiga ndoo teke kwa mguu huohuo ikaenda kugonga ukuta. Nilikudanganya, mdogo wangu. Kasirika kwanza, zunguka chumba, nitukane ukitaka, kisha urudi hapa uendelee kusoma, maana sijamaliza.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mwezi wa Novemba niliteleza kisimani na ndoo zangu mbili, nikategua kifundo cha mkono. Hii nilikuandikia, unakumbuka? Niliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinayumba kama zimelewa. Ukanijibu: "Pole sana dada. Sasa maji ya Pazia anabeba nani?" Loo! Maji ya Pazia! Mkono wangu umejaa kama mkate uliozidiwa hamira, siwezi hata kufunga kitenge, na pole niliyopewa ni ya kupita tu njiani kuelekea kwa farasi. Nilikunja barua ile nikaiweka kabatini, na imo humo mpaka leo.

Kisha Januari ukaandika ile ya kwamba mwenye shamba unalofanyia kazi amekupa banda tupu, na kwamba utatuma lori lije kumchukua farasi wako. Kurasa nne. Meno ya Pazia, kwato za Pazia, blanketi la Pazia, Pazia asifungwe karibu na mlango kwa sababu ya upepo. Mwisho kabisa, pembeni, pale karatasi ilipokwisha: "Na wewe dada?" Basi. Nikageuza karatasi nyuma nikidhani inaendelea.

Hapo ndipo roho mbaya ilipoingia. Nikajiambia, kumbe uvimbe hauna maana ukikaa kwenye mkono wa dada mtu, mpaka ukae kwenye mguu wa farasi. Nikakaa mezani nikakuandikia kwamba Pazia amevimba mguu wa kulia wa nyuma, hawezi kusafiri, tungoje kwanza.

Nilidhani nimepata mwezi mmoja wa kupumua. Sikujua nimefungua bomba! Barua zikaanza kuja kila wiki. Wewe, uliyekuwa unaandika mara moja kwa miezi miwili na kusema kazi nyingi! Maji baridi asubuhi na jioni, kitambaa kibichi kifungwe kuanzia chini kwenda juu, atembezwe hatua ishirini asizidishe. Na kila swali lilikuja kwangu mimi. Dada, umegusa, pana joto? Dada, alilala vipi? Dada, nisaidie, wewe ndiye macho yangu. Nisikufiche, nilizisoma mpaka zikalegea kwenye mikunjo. Mtu wa posta akipiga kengele ya baiskeli nilikuwa natoka mbio kama msichana mwenye mchumba.

Sasa cheka kidogo, kama bado unaweza. Sikutaka kukudanganya mara mbili, kwa hiyo ulipouliza kama nimemfunga, ilibidi nimfunge kweli ili nikujibu kweli. Wiki tano nimekuwa namwosha farasi mzima mguu mzima. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Na yule mdekaji akazoea! Akiniona natokea na kitambaa anauinua mguu mwenyewe, anafumba macho, mdomo wa chini unaning'inia. Mimi ndiye mwenye kifundo kibovu, nimepiga magoti kwenye samadi naosha miguu ya mwenzangu. Shemeji yako aliona yote hayo kutoka juu ya paa, na siku moja aliniuliza leo ni zamu ya mguu gani.

Swali lake nililipuuza, na kumbe lilikuwa la maana. Ubavu wa kulia wa Pazia uko upande wa ukuta, kwa hiyo mguu aliokuwa ananiinulia ni wa kushoto, na mimi kwa uvivu wangu nikawa nafunga huohuo. Wewe huko umempigia simu daktari wa mifugo aje amtazame. Hukuniambia. Alhamisi nikamwona anaingia getini na mkoba wake. Akafungua kitambaa, akabonyeza, akainua kwato, akabonyeza tena. Akatoa miwani, akasoma alipoandika maneno yako ya kwenye simu: kulia, nyuma. Akaniangalia. "Mama, huu ugonjwa unahama?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa samadi tupu. Nikamwambia ukweli nimeshika ufagio, nasema huku nafagia. Daktari ni mtu mzima, hakunicheka mbele yangu. Alisema tu kwamba una mpango wa kuomba ruhusa kazini, uje ulale bandani karibu na mgonjwa wako mpaka apone, na kwamba mwenye shamba hajafurahi, huenda ukirudi ukakuta nafasi yako imepewa mtu. Akanipa mpaka Jumapili nikuandikie, la sivyo atakupigia yeye.

Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote: usije. Usiombe ruhusa. Usipoteze kazi kwa mguu usiokuwa na kitu. Kesho daktari anakwenda huko mjini kwenu, ataibeba barua hii mwenyewe, jioni iwe mkononi mwako. Simu ningeweza kupanda paani nikapiga, mtandao huwa unapatikana pale juu, lakini shemeji yako angesikia nalia.

Ila nikiri yote, maana nusu ya ukweli nimeshaizoea sana. Ruhusa hiyo iliniuma kuliko aibu ya daktari. Mkono wangu ulipoteguka hukuomba ruhusa. Hukuomba hata siku moja.

Nina wivu, mdogo wangu. Nalia ngoa. Na si wivu wa kwamba wewe una farasi na mimi sina, kama unavyodhani tangu utotoni. Baba alipokupa farasi, mimi alinipa punda, akasema huyu ni mwenye bidii, na mpaka leo sijajua alikuwa anamsifu punda au ananieleza mimi. Hilo nimeshasamehe. Karani nampenda, ananifaa. Wivu wangu ni kwa farasi mwenyewe. Namwonea gere mnyama wa miguu minne, mimi mtu mzima mwenye mvi. Umesikia kitu kama hicho?

Tulipomzika mama ulikuwa na miaka sita, nami kumi na tisa. Nilikuosha, nikakusuka, nikakufundisha kufunga viatu, ukawa unanifuata mpaka chooni, nakwambia ningoje nje, unaingiza kidole chini ya mlango ili nikiguse. Kisha baba akaleta kile kitoto cha farasi, vimiguu virefu kama ngazi. Siku hiyohiyo ukahamia bandani. Jioni nikakuita uje nikusuke, ukasema Pazia kwanza. Tangu siku hiyo mimi ni wa pili, na wa kwanza anakula nyasi.

Na ulipokuja likizo mwaka juzi? Niliamka mapema nikaoka mkate, nikatandika shuka jipya. Nikasikia geti. Nikasikia begi linatupwa chini. Halafu nikasikia mlango wa banda. Nimesimama jikoni, mikono imejaa unga, nakusikia unalia na kucheka shingoni mwa farasi. Ulipokuja kunisalimia ulinikuta nje nafukuza bata. Hawakuwapo bata, mdogo wangu. Nilikuwa nafukuza tu.

Kwa hiyo lori halikuniogopesha kwa sababu ya Pazia. Niliogopa baiskeli ya posta. Shangazi hasikii, shemeji yako habari zake zote ni mabati. Farasi akishaondoka hapa, wewe utatuandikia kuuliza nini? Niliona kabisa itakavyokuwa: barua kila miezi mitatu, baadaye kadi, baadaye salamu kupitia kwa watu, na mimi naambiwa mdogo wako tulimwona, hajambo. Ndiyo maana nikamshika farasi wako mguu.

Sasa nimemwachia. Jana tuliazima lori la muuza magogo, tukaegemeza ubao, tuone kama atapanda. Nilitamani agome. Nisikufiche, nilimwombea agome! Alipanda kama mtu anayeingia kwake, akageuka akanitazama kana kwamba sisi ndio tunaochelewesha safari. Karani alibaki chini akalia kwa sauti mpaka shangazi akatoka nje kuuliza kuna nini.

Mtume dereva wako Jumamosi asubuhi. Nitamfungia magunia mawili ya nyasi za huku ili asishangae chakula siku za mwanzo, na brashi yake, na blanketi. Hakuna haja ya kukueleza anavyofungwa, unamjua. Lakini liko moja hulijui: siku hizi anapenda kukunwa chini ya taya, upande wa kushoto, kwa kucha na si kwa vidole. Ameanza tabia hiyo ulipokwisha kuondoka. Nilikuwa nimepanga nisikwambie, libaki langu. Haya, lichukue na hilo.

Tandiko litafuata paka akishahama. Karani nitamtafutia mbuzi wa kukaa naye, maana punda hawezi kulala peke yake bandani, atatupigia kelele sote.

Shemeji yako anakusalimu, anasema yeye alijua tangu wiki ya kwanza ila hakutaka kuingia kati ya dada wawili na farasi. Shangazi anakusalimu sana, anauliza umeolewa lini. Nimemwambia bado, akajibu hongera. Daktari naye anakusalimu, na anasema hatadai kitu kwa safari ile, kicheko kinamtosha.

Kama umekasirika, una haki, sitajitetea. Niandikie matusi, nitayasoma yote. Ila hasira ikishapoa nakuomba jambo moja, nami siombi mara nyingi. Kuanzia Jumamosi farasi utakuwa naye huko, utamuuliza mwenyewe alivyoamka. Hapa nimebaki mimi. Niandikie barua moja isiyo na farasi ndani yake, hata iwe na mstari mmoja tu, nijue mstari huo ni wangu.

Mungu akutunze huko uliko, akulinde kazini, akufungulie njia ya kurudi nyumbani hata kama hakuna wa kumkimbilia bandani.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa nimenuna,

Dada yako.