Fainali Tuliyoshinda Bila Kucheza

Abdi mjukuu wangu, assalamu alaikum. Nyanya yako ni mzima, na ngamia wamezaa.

Unauliza kwa nini sifurahii timu yako kuingia fainali kwa ushindi wa mezani. Nina hasira, Abdi! Wakati wa vita vya kujitenga vya miaka ya sitini nilikuwa kipa hapa Garissa. Siku ya fainali tuliwangoja wapinzani kutoka Wajir mpaka jua likazama. Wanajeshi walikuwa wamewashusha garini njiani, eti hawana vibali vya kusafiri. Afisa wa serikali akatukabidhi kombe.

“Shangilieni, mabingwa!”

“Tumemshinda nani?” nahodha wetu akamuuliza, akaliacha kombe mchangani. Tukaondoka.

Basi kabla hujashangilia tena, niulizie wale wapinzani wenu ambao hawakufika walikwama wapi.

Ni mimi babu yako.