Picha za Jumatano kwa Khale Zuhura

Mama,

Nimekuwa mtu wa sinema. Najua ungecheka. Kila Jumatano mchana ulipokuwa ukivaa buibui kwenda kuona picha ya Kihindi, onyesho la wanawake peke yao, mimi nilikuwa nikikwambia bora nilale. Lakini tangu tukuzike mdogo wako, Khale Zuhura, amenyamaza. Unajua miguu haimruhusu Khale kushuka ngazi, na dunia yake ilikuwa zile picha ulizokuwa ukirudi kumsimulia. Siku ya maziko hakutoa chozi. Baada ya hapo hakutoa neno. Sahani ikawa inapanda imejaa na kushuka imejaa. Tukaogopa, Mama. Ndipo nikavaa buibui nikaenda mimi.

Ukumbi umepungua watu. Wengi siku hizi wanakodi kanda za video wakatazama nyumbani. Yule mzee wa tiketi aliniuliza habari zako, nikamwambia, akashindwa kunirudishia chenji kwa muda.

Picha ya kwanza haikunifurahisha. Stelingi anaimba juu ya theluji na shati jembamba, mpenzi wake kavaa sari, na hakuna hata mmoja anayepiga chafya. Baba wa msichana ni mkali kama pilipili, halafu analainika kwa wimbo mmoja. Mji huu sijaona baba wa namna hiyo. Nilirudi nikamwambia Khale: walipendana, wakakatazwa, wakaruhusiwa. Akaniangalia.

"Sari ya rangi gani?"

Sikujua. Akauliza mama wa kijana alikuwa mtu mwema au mfitini. Hilo pia sikulikumbuka. Akageukia ukuta. Lakini alikuwa amesema, Mama. Nilishuka ngazi kwa furaha.

Ya pili nikaitazama kwa macho yako. Ilikuwa ya ngumi. Mtu mmoja anapiga genge zima na nywele zake hazivurugiki, upuuzi mtupu. Lakini mavyaa aliyekuwamo, huyo mama mkwe, lo, alijua kazi yake. Anatembea kama anayekanyaga mayai ya jirani makusudi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alimrushia njugu. Nilimweleza Khale bangili zake moja moja, sari yake ya kijani kibichi, kisha nikasimama nikatembea kama yeye. Khale alikula wali wote, akasema mavyaa huyo alikuwapo hata mtaani kwetu, ila jina hataji.

Jumatano iliyopita walirudisha picha ya zamani, ile ya ndugu wawili waliopoteana utotoni. Wewe uliisimulia zamani, mimi nimekaa chini nachagua mchele. Naikumbuka: mdogo mtu anapigwa risasi, anapona, wanaoa wote wawili siku moja, mama yao anacheza ngoma.

Mama, hakupona. Anakufa mapajani mwa mamake na picha inaishia hapo. Harusi hakuna. Mama mtu hapigi hata ukelele, anamfunga tu vifungo vya shati, polepole, kama anayempeleka chuo cha Kurani. Katika zote tatu hii ndiyo nzuri, nasema hivyo ingawa iliniumiza. Nilikaa kitini mpaka taa zikawashwa, nikijiuliza ni wangapi wengine waliokufa pale ukumbini ukaja kuwafufua kwetu juu.

Njia nzima mpaka nyumbani Kibokoni niliamua nitamsimulia harusi uliyoitunga wewe. Khale ndiyo kwanza ameanza kula. Haikunipendeza kumpelekea kifo chumbani.

Nilipomtajia picha akatabasamu. Nikaanza vizuri, nguo, nyimbo, yote. Nilipofika kwenye risasi nikasita, nikasema mdogo mtu akapona.

"Hakupona," Khale akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Mamako akifika mahali mtu anakufa, sauti yake ilikuwa ikipanda, kisha wote wanaoana. Mimi nilijua siku zote. Nikamwachia, maana alikuwa akifurahi kuniokolea watu. Haya, wewe nisimulie alivyokufa. Mimi nimekuwa mtu mzima sasa."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye vifungo vya shati alilia. Alilia kama alivyotakiwa kulia siku ile, na jina alilokuwa akiliita halikuwa la yule kijana wa kwenye picha. Lilikuwa lako. Nilimshika miguu, nikalia naye. Kisha akanawa uso, akasema picha ilikuwa nzuri, na Jumatano nisichelewe kuondoka nikakosa mwanzo.

Basi nitakwenda, Mama. Wale wengine uliokwisha kuwaponya sitawagusa. Kwangu mimi na kwa Khale wameoana na wanaishi. Hawa wapya wakifa nitasema wamekufa, na nitakaa naye mpaka amalize kulia. Hilo nakuahidi.

Mungu akurehemu na akulaze pema. Mdogo wako niachie mimi.

Mwanao,
Rukia