Jicho la Bonge

Jumatano, Litembo

Jicho la kushoto la Bonge limeingia ukungu, nami naogopa. Nilidhani ni tongotongo tu, maana mbwa hawa wa uso uliobonyea hawaishi kutokwa na machozi.

Asubuhi mama mkwe alileta maji ya tumbaku. "Mtilie haya, mwanangu. Ng'ombe wetu walipona hivi."

"Mama, naomba nimsubiri daktari."

Aliondoka bila kuniaga. Sijawahi kumkatalia kitu tangu niolewe.

Daktari wa mifugo alifika kwa bodaboda. Akasema ukope umejikunja kwa ndani, nywele zake zimekwaruza jicho hadi limepata kidonda. "Mtilie matone haya mchana na usiku, dada. Asijikune. Mikunjo ya uso ifute kwa kitambaa safi, kisha ikaushe. Kidonda kikipona tutaushona ukope. Kikitoboa jicho, basi tena."

Basi tena! Marehemu mume wangu alimlea tangu akiwa kitoto. Tangu tumzike, ni Bonge tu ninayelala naye nyumba moja.

Jioni nilimshika Bonge kichwa, nikaiinua chupa ya matone. Yeye akatulia, akaniachia uso wake wote. Hilo ndilo linanitisha zaidi. Anaamini kwamba najua ninachofanya.