Filamu ya Kato

Mjukuu wangu Koku,

Kuna jambo nimelificha tangu enzi za Mwingereza. Bibi yako hajambo, na migomba ya Izimbya imezaa. Umeuliza kwa nini naiogopa kazi yako ya kukarabati mitambo yenye mionzi huko Ulaya.

Hospitalini Muleba, mimi na rafiki yangu Kato tulikarabati sanduku la kutunzia radiamu, madini yenye mionzi ya kutibu saratani. Kila mmoja alivaa kifuani kipande cha filamu ya picha chenye jina lake, cha kupimia mionzi. Mionzi ikiifanya nyeusi, aliyeivaa alihamishiwa kazi nyingine asizidi kudhurika.

"Waitu, ndugu yangu, kisanduku hakiumi!" Kato alinitania, nami nikirudi nyuma.

Filamu yenye jina langu ilipokutwa nyeusi, nikapelekwa ofisini. Kato akabaki na sanduku hadi vidole vyake vikaungua kwa mionzi.

Koku, filamu zile nilizisafisha mimi kwa dawa, kama zisafishwavyo picha. Nyeusi ilikuwa ya Kato. Niliibandika jina langu.