Homa za Bondeni Zimeandikwa Kilimani

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada nikiwa bado na nguvu ya kushika kalamu, maana mapafu yangu yamechoka na daktari ameacha kunidanganya. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, naishi bondeni ambako maji ya mvua hayana pa kwenda, na zahanati yetu haina dawa, kwa hiyo watu wakishikwa na homa hupanda hospitali ya kilimani, lakini kule wanapokea wakazi wa kilimani tu, basi nikawaambia majirani waandikishe kuwa wanaishi mtaa anaokaa mwanangu kule kilimani, nikaona nimetenda wema, na wema huo ndio unaoniua kabla ya mapafu.

Mkamwana wangu anashughulikia ramani ya kompyuta inayotabiri homa ya mbu itazuka wapi. Inasoma picha za satelaiti, mvua na makazi ya wagonjwa, kisha inapaka nyekundu panapotisha. Juzi akacheka: "Baba, eti mtaa wetu ndio unaoongoza kwa homa, na majirani zangu kila asubuhi wanakimbia mbio kama swala. Hao wagonjwa wanalala wapi?" Nikajifanya nimepitiwa na usingizi. Vyandarua na wapuliza dawa wamepelekwa kilimani. Sisi tumepakwa kijani. Wiki iliyopita homa hiyo ilimuua fundi cherehani wa chumba cha pili, mjamzito, aliyekuwa akinipikia uji. Nikisema, majirani watafukuzwa hospitali na kuniita msaliti. Nikinyamaza, mvua ziko karibu. Nifanye nini?

Mwalimu Mstaafu

Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa maradhi, na pole zaidi kwa fundi wako. Sasa nisikilize.

Kuwatafutia watu dawa si dhambi. Waliowafungia lango wana lao la kujibu. Kosa lako ni ule usingizi wa kujifanya. Kompyuta iliamini ilichoambiwa, kama wanafunzi wako walivyokuamini, nawe ukafumba macho.

Mwite mkamwana leo. Mwambie homa za mtaa wake ni za bondeni. Majina ya majirani usiyataje, ramani haiyahitaji. Airekebishe kabla ya mvua, wapuliza dawa washuke. Kisha waite majirani chumbani kwako, wasikie kwa kinywa chako, na hiyo nyekundu mpya waibebe wakadai dawa katika zahanati yao.

Watakaokukasirikia, waache. Mtu mwenye hasira angalau yuko hai.