Miche ya Nyakatuntu

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Nimekuja Ihembe, nimekaa kando ya kaburi lako, katikati ya kibanja, shamba lako la migomba. Mama amepanda maharage. Mgomba hata mmoja haujabaki.

Unakumbuka siku nilipokuonyesha kazi yangu kwenye simu? Nilikueleza kuwa tunawawekea bakteria wa mnyauko wa migomba jeni ya mwanga, kando ya ile jeni inayoudhuru mgomba. Jeni hiyo ikianza kazi, bakteria anawaka kijani, nasi tunampima mmoja mmoja, akiwa hai, chini ya hadubini. Ukaisogeza simu karibu na pua.

"Na hawa wasiowaka, wamekufa?"

Nikakwambia hapana Tata, wako hai, wametulia tu, na mgomba wenye hao unaweza kuonekana mzima kabisa.

"Kumbe wanafiki," ukasema, ukacheka. Jumapili ukawaambia watu wa jumuiya kwamba binti yako anapima wanafiki. Niliona fahari mno.

Mwezi uliofuata nilikwenda kumsalimia shangazi kule Nyakatuntu. Akanifungia miche minne ya migomba nikuletee, maana kwetu hakuna anayetoka kwa ndugu mikono mitupu. Ilikuwa minene, imenawiri. Mimi ninayekula kwa kuwapima hao waliotulia niliitazama kwa macho tu, nikaipakia kwenye bodaboda. Ukaipanda siku hiyohiyo.

Mnyauko ulianzia kwenye miche ile. Ukaenea kibanja kizima, kisha kwa majirani, na huku habari zikaja kwamba hata kwa shangazi migomba imekwisha. Wewe ukakishika kisu chako. Ulikuwa umewasaidia majirani kukata mikungu bila kukipitisha motoni, kwa hiyo ukaamini ugonjwa umetoka kwako. Ukapita nyumba kwa nyumba, kofia mkononi.

"Nisameheni, ni mimi niliyewaletea."

Nilikuwa nyuma yako, Tata. Nilijua kisu kilisambaza tu nilichokileta mimi. Nikakufuata hadi nyumba ya mwisho.

Ulipougua nilijiambia nitakueleza ukipata nafuu, nawe hukupata. Maabarani bado napima. Dawa hakuna, wala sioni itatoka wapi, na hata ikipatikana kesho itanifaa nini?

Leo asubuhi jirani kaniambia kwamba kijiji kizima kilikusamehe kabla hujafa. Nikamshukuru kwa niaba yako, nikaingia ndani.

Mimi,
binti yako wa kwanza